Neno Nililomtafsiria Mama

Chuoni nilikuwa mtu wa kuinua mkono na kuuliza: silaha hii itamlenga nani? Kazini, nilipopewa kuchora vikalio vya chuma vya kushikilia makombora kwenye manowari mpya, sikuinua. Hesabu zake zilinivutia.

Manowari ilipoletwa kwenye gati hapa Stockholm, tuliruhusiwa kuwaleta wazazi waione. Afisa mmoja, dada wa umri wangu, alitutembeza. Mama anatunza wazee, na Kiswidi chake kinatosha kuwaogesha na kuwabembeleza wale chakula. Cha mabaharia kilimpita, kwa hiyo nilimtafsiria. Nilimweleza jinsi vipande vya meli vinavyochomelewa vikiwa vimepinduliwa, ili fundi asifanye kazi akiwa ameinua shingo, halafu vinageuzwa na kuunganishwa. Alicheka. “Kama kushona nguo kwa ndani!”

Kisha afisa akaonyesha masanduku marefu sitahani, akasema humo ndimo zitakamokaa “robot”. Kwa Kiswidi neno hilo ni roboti, na ni kombora pia.

Mama alilidaka. “Roboti? Kama ile yetu ya kupangusa sakafu kule kazini, Vällingby?”

Mama alivuka Ziwa Tanganyika akiwa amenibeba mgongoni, makombora, ambayo yeye huyaita bombe, yakiangukia mtaa wetu. Hadi leo fataki zikilia mtaani kwetu Husby hujifungia bafuni.

“Ndiyo, Mama. Inasaidia mabaharia. Mimi nimechora mahali pake pa kukaa.”

Akalipigapiga sanduku. “Fanya kazi vizuri, wee. Usiwachoshe watoto wa watu.”

Afisa aliuliza amesema nini. Nikajibu kwamba amependa rangi.

Kanisani kwetu mimi ndiye mkalimani, ingawa siamini. Niliwasahihisha wakalimani walionitangulia mbele ya watu, neno kwa neno, mpaka mmoja akanitupia kipaza sauti: “Basi shika wewe, profesa.” Jumapili baada ya kuitembelea manowari tulikuwa na wageni Waswidi, na mama akasimama kutoa ushuhuda.

“Namshukuru Mungu,” alisema. “Tulikimbia bombe, leo mwanangu anajenga meli. Amechora mahali pa kukaa roboti.”

Nilitafsiri mpaka kwenye meli, nikaiita manowari, kisha nikakwama. Nikisema “robot” baada ya kutaja manowari, wageni watasikia mama mkimbizi akimshukuru Mungu kwa makombora. Nikisema mashine, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, safari hii mbele ya watu wake wote.

“Papa, mwanangu, mbona umenyamaza?” mama alininong’oneza. “Tafsiri.”

Nilishusha kipaza sauti. “Mama, siyo roboti za kupangusa. Ni bombe. Nilijua tangu siku ile.”

Alinitazama usoni, kisha mikononi, kama anayetafuta mahali nilipoumia. Akageuka, akarudi kwenye kiti chake taratibu, akiushika mkoba kifuani. Safu ya mbele, wageni walipiga makofi, wakidhani ushuhuda umekwisha.