Marahaba Isiyotoka Masasi

Enzi za Mwingereza nilikuwa mpokeaji wa simu ya upepo katika kituo cha polisi Newala. Mwenzangu wa Masasi sikuwahi kumwona sura, ila kila tulipounganishwa, kabla ya kazi yoyote, alinigongea shikamoo kwa nukta na mistari, kwa kuwa nilimzidi umri. Kanuni za Wazungu hazikuijua hiyo. Ilikuwa adabu yetu wenyewe.

Asubuhi moja ikaingia simu yenye alama ya Masasi: lori la kumchukua mahabusu wetu limeharibika, ashushwe Masasi kwa miguu na askari mmoja. Mahabusu huyo alishtakiwa kwa mauaji, na ndugu wa marehemu walishaapa kumkatakata. Shikamoo haikuja. Nikaigonga mimi, kwa hasira. Papo hapo nikajibiwa: marahaba.

Kijana wa Masasi angekufa kwa aibu kabla ya kuniitikia hivyo. Huyu alikuwa mkubwa wangu, amezoea kuamkiwa. Na mkubwa niliyemjua kwenye mitambo ya jirani alikuwa mmoja tu, mwalimu wangu wa kazi, mjomba wa marehemu.

"Bwana, simu hii ya uongo," nilimwambia inspekta.

"Alama ni ya Masasi au si ya Masasi?"

"Ni ya Masasi, Bwana, lakini kaitikia marahaba..."

Kofi likanipata sikioni. Mimi nami sina breki, nikamkunja shati. Askari wakanishukia kwa virungu, jino likang'oka, wakanitupa selo alimokuwa mahabusu.

"Usitoke," nilimwambia, damu mdomoni. "Wanakungoja mteremkoni na mapanga."

"Kaka, hawa watanipiga."

"Wakupige!"

Wakampiga. Aling'ang'ania nondo za dirisha, mimi nikamng'ang'ania kiunoni, virungu vikatuangukia wote wawili. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Nililia kama mtoto, lakini sikumwachia.

Saa sita mchana lori la Masasi likaingia uani, zima kabisa, limekuja kumchukua. Inspekta alilitazama, akaamuru waongezwe walinzi wenye bunduki. Kwenye kona ya mteremko waliwakuta ndugu wa marehemu wamejipanga kando ya njia, mapanga mapajani; walipoziona bunduki hawakuinuka.

Askari aliyeuvunja ule mkono ndiye aliyekuwa amepangiwa kumsindikiza kwa miguu, peke yake. Aliposikia habari za ile kona alikuja selo, akaketi sakafuni mbele yangu, akatapika.