Eulalie wa Kadutu, Mpishi Aliyeacha Jiko

Alizaliwa Mumosho, karibu na mto Ruzizi, mwaka 1919, binti wa wakulima, akabatizwa Eulalie siku ya Pasaka. Alipofiwa na mumewe kabla hawajajaliwa mtoto, alihamia Kadutu, mjini Bukavu, akawa mpishi wa nyumba ya yatima ya parokia. Watoto walimpenda, kwani hakuna aliyelala njaa mikononi mwake.

Mvua za mwaka 1955 zilifurisha mitaro ya maji ya vyoo, yakaingia kisimani, na homa ya matumbo ikaushika mtaa. Eulalie aliugua hata akapakwa mafuta ya wagonjwa, kisha akapona. Kwa shukrani aliweka nadhiri mbele ya altare kuwapikia yatima mpaka kufa kwake.

Lakini homa haikutoka katika nyumba ile. Kisima kilikwisha kusafishwa, na bado watoto waliugua, naye akawauguza. Mwaka uliofuata homa hiyo ilimuua Anaclet, aliyekula pamoja na yatima, mtoto wa Rosalie, mjane aliyefua nguo hapo. Ndipo wakaaji wote wakapimwa, na Floribert, msaidizi wa daktari, akamwita Eulalie.

"Maman, weye hauko mugonjwa. Lakini bakteria ya ile homa, ile ya mu maji ya choo, ilibakia mu mwili yako. Inapita ku mikono, inaingia mu chakula."

"Basi Anaclet, ni miye nilimuua?"

Floribert alimwambia kwamba hakujua, akamwomba aache jiko.

Wengine walimshauri aende Kavumu, akapike huko asikojulikana. Alikataa. Padri alimfungua nadhiri yake, na Jumapili Eulalie akasimama mbele ya waamini, akasema, "Musikule tena chakula ya mikono yangu." Tangu hapo aliishi peke yake, akilima maua ya altare. Inasikitisha kukumbuka kwamba wengi aliowalisha walimpita njiani bila salamu, na hata kanisani hakuna aliyeketi kando yake.

Rosalie naye alikaa na uchungu muda mrefu. Kisha, siku ya Noeli, alimpelekea bugali na maharagwe. "Kula, mama Eulalie. Mutoto yangu alikupenda." Wakala pamoja, wakilia.

Eulalie alikufa kwa kichomi mwaka 1959. Rosalie ndiye aliyemwosha. Waamini husimulia kwamba tangu alipoacha jiko, hakuna yatima aliyeshikwa tena na homa ile, nao huihesabu kuwa neema ya utii wake. Mazishini watu walijaa, na machozi yao yalikuwa yamechelewa. Nasi tuombe moyo wa kuacha hata jema tulipendalo linapomdhuru jirani, na tusingoje jeneza ndipo tumkaribie aliyeachwa peke yake.