Kiazi Kilicholia Katwe

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi chumvi ilipoadimika Kampala. Bibi alikuwa akiifunga yetu kwenye kitambaa na kuiweka kifuani. Ndiyo maana niliogopa kumwambia kwamba mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Nakato, alitaka kila mtoto achonge shimo kwenye kiazi ulaya kibichi, atie chumvi humo, akiweke kwenye sahani ya maji, kisha aje aseme ameona nini.

Baba ndiye aliyeniombea chumvi. Alikuwa polisi, mtu wa kaskazini kama Bibi, mama yake, na enzi zile za utawala wa wanajeshi watu wa kwetu walikuwa wakichukuliwa makazini wasionekane tena. Nyumbani hakulizungumza hilo. Alinimenyea kiazi mwenyewe, taratibu, ganda lisikatike.

Asubuhi shimo lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni. Nikapiga kelele za furaha. Bibi alikuja, akatazama, akarudi nyuma.

"Hii kiazi iko nalia," alisema kwa Kiswahili chetu cha Katwe. "Kwetu, kiazi ikilia ndani ya nyumba, mutu ya nyumba naenda. Tupa!"

"Mama, ni chumvi tu inavuta maji," Baba alisema huku akifunga mkanda. "Mwache mtoto asome."

"Basi leo usiende kazi."

"Nisipokwenda watanifuata hapa, mbele ya mtoto."

Baba alinigusa kichwani, akatoka. Hakurudi jioni ile, wala nyingine yoyote.

Bibi alizunguka kwenye malango ya kambi akiuliza, mpaka askari mmoja kijana akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, rudi nyumbani. Usijitafutie makubwa."

Niliporudi shuleni, Mwalimu Nakato aliniuliza kwa nini maji yalipanda kwenye kiazi changu.

"Kwa sababu Baba alikuwa anaondoka," nikajibu.

Hakuna mtoto aliyecheka. Mwalimu aligeukia ubao, akaanza kuandika neno osmosisi, akaliacha katikati.

Leo ninafundisha somo hilohilo. Najua utando wa seli, najua maji huelekea penye chumvi nyingi. Najua pia kwamba Baba alitafutwa kabla hatujagusa kiazi, na kwamba nyumba nyingi zilipoteza watu bila dalili yoyote sahanini. Niliwahi kumweleza Bibi yote hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Basi nani alimuchukua?"

Sikuwa na jina la kumpa. Nikamwacha na imani yake. Kiazi angalau aliweza kukilaumu kwa sauti, majirani wakisikia. Alikufa bila kumwekea mwanawe matanga, maana hatukuwa na cha kuzika, na hadi leo hakuna aliyekuja kutuambia wapi pa kutafuta.