Koti la Mzee Kasimiri

Zenon aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali akiwa kwenye machela, mama yake alisimama mlangoni, akamwambia mkewe, Leonia, mbele ya wabebaji: "Nilikupa mzima. Unanirudishia vipande."

Leonia, aliyekuwa ameshika machela upande wa miguu, aliinamisha kichwa kuukwepa mtambaapanya, akaingia.

Mimi nilikuwa mpangaji katika nyumba ile ya Milanzi, mjini Sumbawanga. Mwenye nyumba alikuwa huyo mama, Kristiana, mjane wa Mzee Kasimiri. Chumba changu kilipakana na cha Zenon na Leonia, na ukuta wa matofali mabichi uliotutenganisha haukufika kwenye paa. Kwa hiyo mengi ninayoyaandika niliyasikia kabla ya kuyaona. Chuo kikuu nilifundishwa kupima chanzo cha habari kabla ya kukiamini. Chanzo changu hapa ni ukuta, na sina hakika kwamba kila kilichovuka ukuta ule nilikielewa.

Ilikuwa miaka ile ambayo biashara ya mahindi ilikwisha kuachiwa watu binafsi, na malori yakawa yanapanda Ufipa kutoka kila upande kugombea magunia. Zenon alikuwa utingo kwenye mojawapo. Walipokuwa wakiteremka kuelekea bonde la Rukwa, magunia yaliporomoka, naye akaporomoka nayo. Akavunjika nyonga na mbavu. Mwenye lori hakuonekana tena.

Siku ya kumruhusu, nesi alimwambia Leonia jambo moja, naye akalirudia nyumbani mara nyingi hata mimi nikalikariri: "Usimwache alale chali kutwa. Mkalishe. Akilala tu kifua kitajaa, na hicho ndicho kitakachomuua, si nyonga."

Kumkalisha wapi? Kitanda kilichukua nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya magunia ya mahindi na ulezi, sanduku la nguo, ndoo na sufuria. Kiti chenye mgongo hakikuwemo, na kama kingekuwemo, pasingekuwa na pa kukiweka. Leonia akatumia alichokuwa nacho. Alipanda kitandani, akageuka, akaubandika mgongo wake kwenye mgongo wa mumewe, akakita miguu ukutani. Zenon akakaa. Niliwakuta hivyo asubuhi moja, yeye akitazama mlango, mkewe akitazama ukuta, kama watu waliokosana.

Lakini Leonia alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja Majengo, na tangu ajali ile cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Akienda kushona, Zenon alilala na kukohoa. Akibaki kumwegemeza, chungu hakikupanda jikoni. Alimwomba mama mkwe amsaidie walau saa za asubuhi.

"Nilimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea," Kristiana alisema. "Aliyempokea kwangu naye ambebe."

Leonia alishona gunia, akalijaza maganda makavu ya mahindi, akaliegemeza ukutani. Maganda yalihamia pembeni, na hata jua halijapanda vizuri Zenon alikuwa ameteleza, kidevu kikiwa kifuani. Ndipo Leonia alipoyakumbuka mabaki ya mitumba. Marobota yalikuwa yameanza kufika Sumbawanga kwa wingi, na kwa baridi yetu sweta ziligombewa kabla kamba haijakatwa. Zilizobaki ni soksi ndefu za nailoni za wanawake, ambazo hapa hakuna aliyejua azivalie wapi. Wauzaji walizitupa nyuma ya meza. Leonia aliziokota, akazifua, akashona mto mpana chini na mwembamba juu, wenye mikono miwili kama ya kiti. Nailoni ilijaa vizuri na ikikandamizwa ilirudi. Siku hiyo Zenon alikunywa uji kwa mkono wake mwenyewe.

Kristiana aliingia, akauminya mto ule kwa kidole.

"Ndani umetia nini?"

"Soksi, mama. Za mitumba."

"Kafa Ulaya."

Hilo ndilo jina tulilokuwa tukiyaita mavazi yale, kwa kuamini kwamba wenyewe walikwisha kufa huko yalikotoka.

"Ni soksi tu, mama. Nimezifua."

"Sijauliza kama umezifua. Nauliza, nani alizigawa?"

Swali lilikuwa na uzito. Kwetu nguo za marehemu haziguswi mpaka siku ya kuondoa matanga, ambapo mkubwa wa ukoo huzitoa nje na kumkabidhi kila mtu yake kwa jina. Nguo ambayo haijagawiwa bado ni ya aliyekufa.

"Hujui," Kristiana aliendelea. "Hizo bado zina wenyewe, na wenyewe wanazitafuta. Wewe umewapanga nyuma ya mwanangu. Au ndivyo ulivyotaka?"

Upande wangu wa ukuta niliitafutia hoja ile kasoro kama nilivyozoeshwa darasani. Sikuiona. Ukikubali inapoanzia, huna pa kuivunjia.

Kesho yake Leonia alipokwenda Majengo, mama aliutoa mto nje na kuuchoma. Nailoni haiungui kama kitambaa. Inayeyuka, inadondoka, inatoa moshi mweusi wenye harufu ya kukaba, hata majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Leonia aliporudi alikuta uani donge jeusi lililogandamana na udongo, na ndani mumewe kalala chali, anapumua kwa kukwaruza, ngozi ikimchoma kwa homa.

"Umemlaza," alisema.

"Nimemwokoa."

"Akifa, mama?"

"Akifa nitajua nani kamwua. Sumbawanga nzima itajua."

Jumapili iliyofuata Kristiana alikwenda misa pamoja na bintiye Adela, dada mkubwa wa Zenon. Leonia alikuwa amekwisha kuibeba cherehani yake kutoka Majengo hadi nyumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Kisha nikasikia mkasi, na ulikuwa unakata kitu kizito, kwani uliuma, ukapumzika, ukauma tena.

Lilikuwa koti la Mzee Kasimiri. Marehemu alilivaa kila msimu wa baridi, koti la sufu nene lililomfika chini ya magoti, na watu walimtambua kwalo akiwa mbali barabarani. Siku ya kuondoa matanga Zenon alikabidhiwa. Hakuwahi kulivaa zaidi ya mkesha wa Krismasi. Zenon hakuulizwa; homa ilikuwa imemlaza hoi. Mpaka leo sijui kama alichofanya Leonia nikiite ujasiri au hasira iliyopata kazi ya kufanya.

Alitoa bitana, akafunga vifungo vyote na kuushona upindo wa chini. Akalijaza yale maganda ya mahindi, safari hii akiyapitishia mishono ya kwenda chini ili yasihame. Mikono ya koti aliijaza pia, akaikunja kwenye kiwiko na kuishona kwa mbele. Kola ikabaki juu, mahali pa kichwa. Akanigongea ukuta nimsaidie kumwinua mgonjwa. Tulimkalisha, akaegemea, na mikono ile ikamshika huku na huku. Alikohoa sana, akatema, kisha pumzi yake ikapata njia.

Kristiana alirudi kutoka misani akiwa bado na rozari mkononi. Alichokiona kutoka mlangoni ni koti la mumewe limeketi kitandani, limempakata mwanawe.

"Kasimiri," alisema, taratibu tu.

Halafu akaanza kupiga kelele.

Kikao cha ukoo kiliitwa alasiri hiyohiyo. Kilifanyika mlemle chumbani, kwa kuwa mwenye koti hakuweza kutoka. Mzee Isdori, mdogo wake marehemu, alikalia gunia la ulezi. Adela alisimama. Mimi niliitwa nikae mlangoni kama shahidi, labda kwa sababu ya shule yangu, labda kwa sababu nililipa kodi.

"Wifi," Adela alianza, "umetukatia baba kwa mkasi. Hata haya huna?"

"Nimekata koti, wifi."

"Mke wetu," Isdori alisema, "koti lile niligawa mimi. Kwa mkono huu. Sikukupa wewe."

"Kweli, baba. Ulimpa Zenon. Naye amelivaa."

"Amelivaa mgongoni!" Adela aliruka.

"Koti wewe hulivalia wapi, wifi?"

Isdori alikohoa akijifunika mdomo kwa kiganja, na sikuamini kama kilikuwa kikohozi. Kristiana hakucheka.

"Fumua," alimwambia Leonia. "Sasa hivi, tukitazama. La sivyo beba cherehani yako urudi kwenu."

Leonia aliuchukua mkasi kutoka juu ya cherehani. Nilidhani anatii. Akauweka kitandani, mpini ukielekea kwa mama mkwe.

"Fumua wewe, mama. Koti la mumeo, mgongo wa mwanao. Mkono wangu usiwemo."

Hapo Zenon akazungumza. Tangu arudishwe, watu walikuwa wakimjadili wakiwa wamesimama juu yake, naye akiona pua na videvu. Sasa macho yake yalikuwa sawa na yetu.

"Anayetaka nilale," alisema, akivuta pumzi kila baada ya neno, "aje anilaze. Yeye mwenyewe."

Kristiana aliutazama mkasi. Aliitazama mikono ya koti, kisha uso wa mwanawe. Mkasi hakuugusa. Mwishowe Isdori alinyanyuka, akakung'uta ulezi kwenye suruali.

"Nilipompa nilimpa," alisema. "Mimi sigawi mara mbili." Akatoka.

Leonia hakuondoka. Zenon alipona, akatembea kwa fimbo. Lakini tangu siku hiyo Kristiana hakumwambia mkwewe neno. Alipokuwa na la kusema alilipitisha kwa mwingine aliyekuwapo, hata kama yeye na Leonia walikuwa wakipigana vikumbo jikoni: "Mwambie huyo maji yanachemka."

Habari ilienea. Wazazi waliotoka kujifungua kwa kisu, wazee wa pumu, watu wa chumba kimoja ambao kitanda ndicho kiti chao, walifika kwenye baraza ya Majengo kuagiza mito ya kuegemea. Waliiita makoti, hata ile iliyoshonwa kwa magunia. Wengine walileta koti la mtu wao. Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, alileta la baba yake kwa ajili ya mkewe Sayi, aliyekuwa mgonjwa wa mgongo. Leonia hakulipokea kwanza. Alimwuliza alichomwuliza kila mteja: "Nani alikugawia?" Alipotajiwa jina ndipo aliposhika mkasi. Nimejiuliza mara nyingi kama kwa swali hilo alikuwa akimheshimu mama mkwe au akimdhihaki. Kumwuliza nilishindwa.

Kisha kifua kikamshika Kristiana mwenyewe. Alikuwa mzee sana, na akilala chali alikuwa kama mtu anayezama. Zenon alimpelekea lile koti. Alilirudisha kwa mguu.

Jioni hiyo nilipita mlangoni kwake nikaingia kumjulia hali. Leonia alikuwa kitandani, mgongo wake kwenye mgongo wa mama mkwe, miguu ameikita ukutani. Kristiana alikuwa ameketi wima, anatazama mlango, yaani mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie huyo mgongo wake una mifupa."

Nilimtazama Leonia. Aliongea bila kugeuka.

"Mwambie mama mto upo."

"Mwambie sitaki mto."

"Mwambie basi asitikisike, anateleza."

Kristiana alifumba macho. Leonia alijisogeza nyuma kidogo, na mwanamke mzee akamwegemea kwa uzito wake wote.