Mahari Karibu na Dirisha

Mhariri wangu ana kalamu nyekundu na moyo mgumu. Jana alinirudishia kurasa zangu, na katika ukurasa wa kumi na mbili amelizungushia neno moja duara mara tatu, karatasi ikakaribia kutoboka. Ni pale bibi katika hadithi anapoingia chumbani na kusema, "Nipatieni mahari karibu na dirisha." Pembeni mhariri ameandika: "Mahari au mahali? Amua."

Asubuhi hii nimecheka peke yangu, nikaweka chai motoni. Unajua ninavyoishi hapa Kitale. Chumba changu kiko juu ya duka la vitabu vya shule, dirisha linatazama barabara, na asubuhi za hapa ni za kuvaa sweta hadi saa nne. Raha zangu ni ndogo ndogo: chai ya tangawizi iliyochemka ikaiva, mandazi ya jana yaliyopashwa moto, na masikio. Ndiyo, masikio. Nakaa dirishani nikiwasikiliza watu wa chini wakisalimiana na kubishania bei ya parachichi, huyu akisema "kurara", yule akiita "lafiki yangu", na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Wapangaji wenzangu wanadhani niko kazini.

Lakini duara lile jekundu lilinirudisha Kibabii, karibu na Bungoma mjini, katika miaka ya themanini. Nilikuwa darasa la tatu na tayari nina cheo: nilikuwa karani wa kukhu. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Huyu wangu hakujua kusoma, ila alijua kuamrisha. Alikaa chini ya ghala akipukuchua mahindi, nami nikakaa juu ya kinu kilichogeuzwa, daftari magotini, huku maharagwe yakitokota jikoni na moshi wa kuni ukitufuata kila tulikohamia. Barua ilikuwa lazima iwe ya Kiswahili. Kibukusu, alisema, ni cha mdomo, ukikiweka kwenye karatasi kitashikwa na baridi. Tena ilikuwa lazima iwe fupi.

"Karatasi si shamba," alizoea kusema. "Si razima ijae."

Barua karibu zote zilimwendea senge, yaani shangazi yangu, binti yake wa mwisho. Senge alikuwa akishona kwa cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa huku Kitale, duka la mzee mmoja wa Kihindi mwenye kilemba cheupe. Alishona sare za watoto wa shule, lakini yeye mwenyewe alitaka kusimama mbele ya watoto hao. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameomba nafasi katika chuo cha ualimu, na miaka mitatu hakuna aliyemjibu. Wakati huohuo kulikuwa na bwana mmoja wa Cheptais, mwenye vitunguu vingi na ng'ombe wengi zaidi, ambaye alikuwa amekuja mara mbili kunywa chai na kukhu. Kijiji kizima kilijua haikuwa chai iliyomleta.

Basi, Jumanne moja mwalimu wetu alimwita kukhu shuleni. Mwalimu huyu alitoka pwani, Kiswahili chake kikiteleza kama mlenda. Barua ilikuwa imefika katika sanduku la posta la shule: senge amepata nafasi chuoni, na ni lazima aripoti Jumatatu, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Barua yenyewe angekabidhiwa senge mwenyewe, kwa sahihi yake. Mwalimu alijitolea kumwandikia. Kukhu akakataa, akaninyooshea kidole.

"Karani wangu ni huyu hapa."

Sijui kama umewahi kusifiwa hivyo mbele ya mwalimu wako. Nilikimbia nyumbani nikachonga penseli mpaka ikabaki kama kidole cha mtoto. Kukhu akasema polepole, nami nikaandika kama alivyosema, kwa herufi zangu nzuri kuliko zote: "Mahari imepatikana. Kuja mbio kabla ya Jumatatu. Watu wanangoja."

Jirani yetu aliyekuwa akiuza ndizi Kitale kila Jumatano aliipeleka. Alhamisi alituletea jibu, na jibu lilikuwa nyuma ya karatasi ileile. Nilimsomea kukhu kwa sauti ya karani: "Mama, mimi si mbuzi wa soko. Wale ng'ombe warudishe. Sitakuja Jumatatu wala siku nyingine."

Kukhu aliacha kupukuchua mahindi. "Ng'ombe gani?"

Jirani alijitetea. Yeye alimwambia senge tu kwamba nyumbani watu wanafurahi sana, na mama yake alikuwa anaimba. "Akaanza kulia, bana. Nikasema ni furaha."

"Soma ile yetu," kukhu akaniambia.

Nikageuza karatasi, nikasoma. Mahari imepatikana. Akanifanya nisome tena. Akatikisa kichwa, akasema iko sawa, ndivyo alivyosema. Masikioni mwetu sote wawili ilikuwa sawa kabisa. Tuliitafuta kasoro jioni yote tusiione, na usingizi ulinichukua nikiwa nimeamini kwamba mji umemharibu senge.

Ijumaa nilimpelekea mwalimu ile karatasi. Alisoma upande mmoja, akasoma wa pili, akavua miwani na kucheka hadi akashika meza. Kisha akatazama kalenda ukutani na kicheko kikamkauka.

"Lahaula! Mwanangu, umemwandikia shangazi yako kwamba keshaozwa. Nyie ilikuwa mseme *mahali*. Au basi mngesema *pamepatikana*, mtu angeshtukia kosa. Lakini kwenu kila kitu ni *imepatikana*!"

Aliniandikia maneno yote mawili ubaoni. Niliyaona kwa macho, ulimi ukakataa. Nilijua jambo moja tu, kwamba senge alikuwa anapoteza kitu alichokililia miaka mitatu, na aliyempotezea ni mimi, kwa penseli yangu. Nilirudi nyumbani nikilia, kamasi hadi kidevuni. Kukhu hakunigombeza. Alisikiliza, akaenda kuosha miguu yake, akatoa viatu vya kanisani.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Kitale. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha na baraza zote zilinuka kitambaa kipya na mafuta ya cherehani. Siku hizo kila duka lilikuwa na fundi wake nje, na ukipita mtaa ule ulisikia mashine zikijibizana toka mwanzo hadi mwisho. Senge alituona. Hakusimama. Aliendelea kukanyaga cherehani, macho kwenye sindano.

Kukhu alianza kwa Kiswahili, labda kwa sababu ya mwenye duka. "Mahari ya shure! Mahari ya shure!"

"Kwa hivyo wanalipa na karo?" senge akauliza, bila kuinua uso.

Hapo kukhu aliachana na Kiswahili chenyewe. Alisema kwa Kibukusu, ambamo mahali ni neno moja na mahari ni neno lingine kabisa, na hata mtoto hawezi kuyachanganya. Alisema chuo. Alisema Jumatatu. Alisema yule wa Cheptais alimrudisha na ng'ombe wake tangu mwaka uliotangulia, na hakuona haja ya kumtangazia mtu. Cherehani ikanyamaza.

Kisha akasema jambo ambalo mimi, nikiwa nimejificha nyuma ya kanga yake, nilidhani ni la kunitetea. Leo najua lilikuwa la kwake. "Hata kama mtoto ameandika hivyo. Wewe ungeuliza kwanza. Mimi ni mama yako."

Senge aliweka kichwa juu ya cherehani akalia, na kukhu akamshika mgongoni. Walikaa hivyo muda mrefu. Nilipoanza na mimi kulia, senge aliniita. Alichukua chaki yake ya kuchorea, akaandika maneno mawili juu ya kipande cha kitambaa cha buluu.

"Soma hili."

"Mahari."

"Na hili?"

"Mahari."

Alicheka huku machozi bado yanamtiririka. Akanishika kidevu, akanionyesha ulimi unapokaa, akanirudishia tena na tena bila kuchoka, mpaka nikalipata moja. Mzee mwenye kilemba alikuwa amesimama mlangoni akiangalia kitambaa chake kilichochorwa.

"Sasa hiyo nani atanunua?" akasema. Halafu akatikisa mkono. "Chukua tu, mwalimu. Shona sketi yako."

Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwita senge mwalimu, na mimi ndimi mwanafunzi wake wa kwanza. Jumatatu aliripoti chuoni na sketi ya buluu. Alifundisha hadi kustaafu, na bado akinipigia simu hunitega kwa yale maneno mawili.

Mashine za baraza zimenyamaza sasa. Pale aliposhonea senge wanauza vifuniko vya simu, na hakuna anayehitaji karani wa kumwandikia mama yake. Kukhu alikwenda zamani. Miezi yake ya mwisho aliishi kwa senge, na kila asubuhi alitoka chumbani na fimbo yake akiomba vilevile, "Nipatieni mahari karibu na dirisha." Na senge, mwalimu wa Kiswahili, aliyewasahihisha watoto wa watu maisha yake yote, hakumsahihisha hata siku moja. Alimsogezea kiti.

Chai yangu imepoa. Nimechukua kalamu, na chini ya swali la mhariri nimeandika kwa herufi zangu nzuri kuliko zote: "Liache. Ni kukhu anayesema." Kisha nikasogeza kiti kingine karibu na dirisha.