Pete ya Njano Nyuma ya Yadi ya Mbao

Siku Mama Pete alipoingia yadini kwa mara ya kwanza, muuza mbao alidhani kapata mteja, akaanza kumsifia mbao.

"Mbao sitaki, baba. Nataka kichaka chako cha nyuma."

"Kununua?"

"Kutazama."

Muuza mbao hakuwahi kutoa kitu bure, hata kutazamwa. Isitoshe, kichaka kilikuwa kifyekwe mwisho wa mwezi, apate pa kuanikia mbao.

Mama alieleza bila kuzunguka. Miaka tisa amekuwa akiwavisha pete za rangi ndege waimbaji wenye koo jeupe, wanaohama kila mwaka na kurudi pungufu. Mwaka jana alivisha makinda arobaini na moja bwawani, ng'ambo ya barabara. Msimu huu hakuonekana hata mmoja. Ofisi yake ya wanyamapori ikaandika: wamekufa, kituo cha ndege pale bwawani kifungwe.

"Sasa unabisha nini?"

"Wanawatafuta pale walipoanguliwa. Wewe ulipooa, ulihamia chumbani kwa mama yako?"

Akacheka bila kupenda. "Na mimi napata nini?"

"Kila asubuhi nitakuwa hapa na darubini. Nitakukagulia mchwa, wateja wasikurudishie mbao."

Wakakubaliana, hadi mwisho wa mwezi.

Alikuja kila siku, mvua ikimnyea. Wapasua mbao wakamtania: "Shangazi, mchumba bado?"

"Anavaa pete."

Marundo mawili ya mbao aliyakuta na mchwa kabla hayajaharibika yote.

Siku ya mwisho, mapanga yameshanolewa, muuza mbao alijipenyeza kichakani kwenda haja ndogo. Kwenye tawi juu ya kichwa chake ndege alitua na jani kavu mdomoni. Mguu wa kushoto: njano juu, buluu chini.

Angeweza kunyamaza. Lakini pa kuanikia mbao angepata kwingine. Jicho kama la yule mama, hapana. Akafunga zipu, akatoka.

"Mama, wanao wa mwaka jana walivaa pete gani?"

Mama akashusha darubini. "Njano na buluu. Kushoto."

"Miaka mitatu ya mchwa, na kichaka hakiguswi."

"Miwili."

"Mitatu."

"Miwili, na nitakuonyesha mchwa wanakotokea."

"Haya, njoo. Polepole."

Walipatikana sita. Mama akaiandikia ofisi: "Njooni muwaambie wenyewe kwamba wamekufa." Kituo hakikufungwa. Sita si wengi, naye alilijua hilo kuliko ofisi, ila kesho yake alikuwa bwawani na pete mpya mfukoni.

Muuza mbao huanika mbao zake kwenye uwanja wa kukodi, akinung'unika. Mbao yenye mchwa haijarudishwa kwake tena.