Wiki ya Kumwona Mjukuu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Pasi, kwa sababu alikuwa dobi na kwa miaka thelathini na minne watu hawakumzoea bila pasi mkononi. Kazi yake aliifanya katika chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, kamba mbili za kuanikia na ndoo ya wanga mlangoni. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikaa fundi cherehani, mama mmoja mcheshi, na wawili hao walipiga soga kutwa nzima bila kuonana, kila mmoja na kazi yake.

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Mzee Pasi hakuoa tena. Mtoto alilala mchana chini ya meza, juu ya rundo la mashuka ya watu, na kusuka nywele baba alijifunza kwa kuelekezwa kupitia ukutani.

"Gawa katikati!" fundi alikuwa akipaza sauti. "Katikati ya kichwa, baba, si juu ya sikio!"

Binti akakua, akasomea uuguzi, akapata kazi ng'ambo, akaolewa huko huko. Alipojifungua mtoto wa kike alipiga simu, uso umemvimba kwa uchovu na furaha. "Baba, njoo umwone mjukuu wako."

"Nakuja," akajibu Mzee Pasi, kana kwamba ameambiwa avuke barabara.

Hapo ndipo alipojua nchi yake ni ndogo kiasi gani. Kwanza alitafuta pasi ya kusafiria. Fundi alipokiona kijitabu kile alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa una pasi mbili. Usije ukachanganya, ukampa askari wa uwanja wa ndege ile ya umeme!"

Lakini kijitabu peke yake hakikumfikisha popote. Ubalozi wa nchi aliyoishi binti haukuwapo kwao, ulikuwa nchi jirani, mwendo wa siku mbili kwa basi. Tena walitaka picha zinazoonyesha masikio yote mawili, barua ya mwaliko, na barua ya mwajiri.

"Mwajiri wangu ni nani?" akauliza.

"Si wewe mwenyewe?" fundi akajibu.

Basi akakaa, akajiandikia: *Mimi, dobi, nathibitisha kuwa nimempa dobi wangu likizo ya wiki tatu, na ninamtarajia kazini akirudi.* Akatia sahihi mara mbili, mahali pa mwajiri na mahali pa mwajiriwa.

Ubalozini alikuta dirisha la kioo, na nyuma yake dada mmoja mwenye miwani. Akaambiwa aweke vidole juu ya mashine. Mashine ikakataa. Akavifuta kwenye suruali, akaviweka tena. Ikakataa.

"Mzee, vidole vyako vimefanya nini? Havina alama."

"Vimefua, mwanangu."

Walihangaika hadi mashine ilipokubali vidole vitatu. Kisha yule dada akasoma ile barua, akatabasamu kidogo, akauliza, "Na ni kitu gani kitakachokurudisha nyumbani?"

Mzee Pasi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nguo za watu. Nimeacha mashati kumi na tisa."

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Ombi limekataliwa, mwombaji hajathibitisha kwamba atarudi kwao. Fundi alisikia kimya upande wa pili, akaweka kitambaa chini na kuja kuchungulia. Alimkuta amesimama na karatasi mkononi, pasi inapoa mezani.

"Miaka thelathini na minne sijahama hata chumba," akasema taratibu. "Hao wanasema sitarudi."

Fundi alimvutia kiti.

Mwaka uliofuata aliomba tena. Jibu lilikuwa maneno yale yale, tarehe tu ndiyo iliyobadilika. Wakati huo mjukuu alishaanza kutembea, na kila Jumapili alilamba kioo cha simu akidhani anambusu babu. Binti naye hakuweza kuja. Likizo yake ilikuwa siku kumi, na njia ya kwao ilipita nchi mbili ambazo hata kubadilisha ndege tu zilimtaka awe na viza, nayo ya kungojea miezi.

Mchana mmoja akapiga simu, sauti imechangamka. "Baba, nimekaa na orodha ya nchi zinazotupokea bila viza. Ni chache, lakini kuna moja ipo katikati. Wewe ndege moja, mimi ndege moja. Muhuri wanagonga pale pale uwanjani."

"Tuna ndugu huko?"

"Hatuna mtu. Ila mlango wao uko wazi."

Mzee Pasi alifika wa kwanza. Askari wa uhamiaji akafungua pasi yake. "Unakuja kufanya nini?"

"Kumwona mjukuu."

"Anaishi hapa?"

"Hapana. Wala mimi."

Askari akamtazama, akagonga muhuri. Mzee Pasi akabaki amesimama, akingoja maswali.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee wangu. Karibu."

Alisogea pembeni, akageukia ukuta, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Saa mbili baadaye binti alitokea na mtoto kiunoni. Walikumbatiana kwa muda mrefu, mpaka mtoto katikati yao akaangua kilio. Hakumtaka mtu huyu. Babu aliyemjua yeye alienea kwenye kiganja.

Siku hiyo na ya pili yake, katika nyumba ya vyumba viwili waliyopanga, mtoto alimkimbia. Mzee Pasi hakulazimisha. Siku ya tatu alikuwa jikoni akimwita binti yake waje kula. Mtoto akasikia ile sauti. Akaenda mezani, akachukua simu ya mama yake, akaitazama, imezima. Akaibeba hadi jikoni na kumnyooshea yule mzee.

Mzee Pasi akachuchumaa, akaiweka simu sikioni. "Haloo, bibi mdogo. Hujambo?"

Mtoto akaangalia simu, akaangalia mdomo. Akainua mkono, akauweka wote juu ya midomo ya babu kuhakikisha maneno yanatoka wapi. Kisha akamkalia gotini.

Siku zilizobaki hakushuka. Binti alilala mchana kutwa, mara ya kwanza tangu ajifungue, kwani alijua mtoto yuko mikononi mwa nani.

Viza Mzee Pasi hajaipata hadi leo. Lakini wamekwisha kukutana mara nne katika nchi ile, nyumba ile ile, na mwenye nyumba huwawekea kitanda cha mtoto bila kuambiwa. Mjukuu sasa anaongea kama cherehani. Akiulizwa babu yake ni mtu wa wapi, hutaja nchi ile bila kusita. Binti alitaka kumsahihisha, Mzee Pasi akamzuia.

"Mwache kwanza," akasema. "Wametupokea vizuri."